Epoksi ya kuziba bomba: kukauka si kukomaa

Epoksi ni gundi ya sehemu mbili: resini na kigumishi, kile ambacho mafundi wa rangi huita hadena. Zikiwa zimetenganishwa, zinakaa dukani muda mrefu bila kubadilika. Zikichanganywa, zinashikana kikemikali mpaka ziwe kitu kimoja kigumu ambacho hakirudi tena kuwa laini kama mwanzo. Ya kuziba bomba huuzwa sana kama kipande cha udongo laini chenye rangi mbili, unachokata na kukikanda kwa vidole.

Watu huuliza kama ni salama kwenye maji ya kunywa. Jibu linasimama juu ya neno moja, kukomaa. Epoksi haikauki kama rangi ya maji, kwa sababu hakuna maji yanayotoka ndani yake. Inakomaa, kama zege. Fundi mwashi anajua zege la jana linaweza kukanyagwa, lakini bado halijakomaa. Kiraka cha epoksi nacho hushika ndani ya dakika chache na kukuridhisha kwa macho, ilhali ndani bado kuna kemikali ambazo hazijashikana. Resini nyingi hutengenezwa kwa bisfenoli A na epiklorohidrini, na vigumishi vingi ni amini. Hivyo ndivyo vinavyoweza kuingia kwenye maji kiraka kikiwa kichanga.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuongeza kigumishi ili kazi iishe haraka. Hakiharakishi, kinabaki tu bila mwenzake wa kushikana naye na kiraka kinakuwa laini daima. Fuata kipimo kilichoandikwa. Kipande cha udongo tayari kimepimwa, kikate kwa kukatisha ili kila rangi iingie kwa kiasi chake, kisha kanda kwa dakika moja au mbili. Mwanzoni utaona michirizi ya rangi mbili. Endelea mpaka iishe yote na udongo uwe wa rangi moja. Ukianza kuusikia una joto vidoleni, ubandike mara moja, maana umeanza kushika.

Baridi nayo inachelewesha. Kwa makadirio ya kawaida, joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kukomaa huchukua karibu mara mbili ya muda. Saa 24 zinazoandikwa kwenye pakiti huwa ni za chumba chenye nyuzi 20 hivi na zaidi. Asubuhi ya Julai hapa Arusha, bomba la nje lililokaa kwenye baridi usiku kucha linahitaji saa 48. Moshi, wakati wa joto la Februari, saa 24 zinatosha, ila udongo utashika mkononi upesi, kwa hiyo kata kidogo kidogo.

Kabla ya kubandika, funga koki ya mita, fungua bomba la chini kabisa maji yatoke, kisha kausha. Sugua kwa msasa namba 80 sentimita 3 kila upande wa ufa, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, na subiri ikauke. Bandika unene wa milimita 6 au zaidi, ukikandamiza kingo ziwe nyembamba na zishike. Vaa glovu za nitraili wakati wote. Epoksi mbichi inaweza kumletea mtu mzio wa ngozi ambao, ukishaanza, haumwachi maisha yake yote. Ikigusa mkono, osha kwa sabuni na maji, kamwe si tina, kile kiyeyusha rangi, kwa sababu huipenyeza zaidi kwenye ngozi. Ukiisugua ikiwa imekomaa, vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Muda ukiisha, fungua maji na uyaache yatiririke dakika kadhaa bila kuyatumia. Kwa kiraka cha nje kinachoziba tundu dogo, maji yanagusa epoksi kidogo sana. Kupaka ndani ya tanki ni jambo jingine kabisa, kwani maji yanalala juu yake siku nzima. Huko tumia ile tu iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa, mfano yenye alama ya NSF/ANSI 61, na kama alama haipo, usiitumie.

Aina ya bomba pia huamua. Kwenye bomba la chuma la GI inashika vizuri, na kwenye PVC, plastiki ngumu ya kugundishwa, inashika ukiikwaruza. Kwenye PPR (bomba la plastiki la kuunganishwa kwa joto), bomba la plastiki jeusi la HDPE na tanki la plastiki haishiki, hata ukisugua. Inabanduka kwa ukanda mzima, kama ganda. PPR huunganishwa kwa mashine ya kuyeyusha, kwa joto la takriban nyuzi 260. Bomba la maji ya moto liache pia, maana epoksi nyingi zinazokomaa kwenye joto la kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 60. Na kwenye bomba la gesi usitumie epoksi hata kidogo.

Maji yakivuja upande wa kabla ya mita, usizibe mwenyewe. Piga simu mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, kwa sababu hapo shinikizo ni la mtandao mzima na kiraka kitasukumwa kabla hakijakomaa.