Yorck na karatasi ya Tauroggen

Kila muhula tukifika mwaka 1812 kuna mwanafunzi atanyoosha mkono: mwalimu, huyu Yorck alikuwa msaliti au shujaa? Nimechoka kujibu kwa mdomo, basi naandika. Swali langu la kwanza kwao ni kama wameisoma karatasi yenyewe, yaani mapatano aliyotia saini na Warusi karibu na Tauroggen wakati Prussia, ufalme wa Kijerumani, ikiwa upande wa Napoleon. Maana Tauroggen husimuliwa kana kwamba jenerali wa Prussia aliamka asubuhi, akageuza mizinga, akaanza kuwapiga Wafaransa. Karatasi haisemi hivyo.

Hans David Ludwig Yorck alizaliwa Potsdam mwaka 1759, baba yake afisa, akaingia jeshini angali mvulana. Hakudumu. Baada ya Vita vya Urithi wa Bavaria alimdharau hadharani mkubwa wake mmoja, akimtuhumu kupora kitambaa cha altare. Alifungwa ngomeni, kisha akafukuzwa, na Mfalme Friedrich wa Pili hakutaka kusikia habari zake tena. Kijana akaenda kutafuta riziki kwa Waholanzi, katika kikosi cha kukodiwa kilichomfikisha Rasi ya Tumaini Jema na Ceylon. Jeshi la Prussia lilimpokea tena 1787, mfalme yule akiwa ameshazikwa.

Kuanzia 1799 aliongoza kikosi cha Jäger, na hapa ndipo ninapokawia darasani. Askari wa miguu wa kawaida zama zile alisimama bega kwa bega na wenzake, na kazi yake ilikuwa kufyatua kwa amri, wote kwa pamoja. Bunduki yake haikuwa na shabaha ya kutegemewa. Jäger, yaani mwindaji, ni mtu wa aina nyingine. Wengi wao walitoka katika familia za walinzi wa misitu. Bunduki zao zilikuwa na mifereji ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili isipepesuke, ila kuzishindilia kulikula muda. Mtu kama huyu humpangi safuni ukampigia ngoma. Anajibanza nyuma ya mti, anamlenga afisa wa adui, anarudi nyuma kushindilia huku mwenzake akimlinda. Mkuu wake lazima akubali kumwachia aamue mwenyewe, na zaidi ya yote ajue saa ya kuondoka.

Yorck aliijua saa hiyo. Oktoba 1806, jeshi la Prussia likiwa limesambaratika baada ya kupigwa na Wafaransa huko Jena na Auerstedt, aliachwa Altenzaun kando ya mto Elbe awazuie Wafaransa ili kikosi cha Karl August wa Weimar kivuke. Aliwazuia, wenzake wakavuka, naye akaondoka. Wiki mbili hazikuisha alijeruhiwa na kutekwa Lübeck, lakini katika mwaka ule wa aibu hata Altenzaun ilitosha kumpa jina.

Msidhani alikuwa mwanamageuzi. Stein, waziri aliyefuta utumwa wa wakulima, alipoondolewa 1808 kwa shinikizo la Napoleon, Yorck alishangilia.

Mkataba wa Februari 1812 uliilazimisha Prussia kumpa Napoleon askari 20,000 wa kuivamia Urusi. Waliwekwa chini ya Marshali Macdonald wa Ufaransa, upande wa Riga, na Grawert, jenerali wao wa kwanza, alipougua Yorck akashika uongozi wao. Kwa kuwa hawakufika Moscow, hawakuteketea. Desemba, baridi na njaa zikiwa zimelimaliza jeshi kubwa la Napoleon, hawa bado walikuwa na mizinga na farasi. Katika kurudi nyuma Macdonald alitangulia, Yorck akabaki mkiani, na Jenerali Diebitsch wa Urusi akapenya katikati yao.

Wanaosema Yorck alizingirwa, mimi siko nao. Diebitsch hakuwa na watu hata 2,000. Yorck angetaka kupita, angepita.

Hakutaka. Jioni ya tarehe 29 alimpokea Clausewitz, Mprussia aliyekuwa akiwatumikia Warusi, na mwanzoni karibu amfukuze. Clausewitz alikuwa na barua kuonyesha kwamba jeshi la Wittgenstein, jenerali wa Urusi, lilikuwa linakaribia kuwafungia njia. Kesho yake, 30 Desemba, walikutana kwenye kinu cha Poscherun, karibu na Tauroggen, katika Lithuania ya leo. Waliokuwa mezani, wa pande zote mbili, walikuwa wazaliwa wa Prussia, Diebitsch naye akiwemo.

Sasa masharti. Kikosi cha Prussia kitakaa bila kupigana katika eneo kati ya miji ya Memel na Tilsit na ghuba ya Kurisches Haff. Mfalme akiamuru kirudi kwa Wafaransa, kitarudi, ila hakitapigana na Urusi kabla ya 1 Machi 1813. Basi. Hakuna kuhamia upande wa pili. Ni kazi ya Altenzaun tena, mara hii kwa wino: shikilia hapo, nunua muda, mwachie mkubwa wako njia. Yorck alimwandikia mfalme kwamba akionekana amekosa, kichwa chake yuko tayari kukitoa.

Friedrich Wilhelm wa Tatu, aliyekuwa Berlin katikati ya Wafaransa, aliikana karatasi hiyo na kuamuru Yorck avuliwe uongozi. Mjumbe alizuiwa njiani na Warusi. Habari zikamfikia Yorck kupitia gazeti, naye akajibu kwamba Prussia hakuna jenerali anayepokea amri kwa njia ya gazeti, akaendelea na kazi. Nakiri sehemu hii huwa naisoma darasani kwa sauti. Kabla Machi haijaisha Prussia ilikuwa vitani dhidi ya Napoleon, na Yorck amesafishwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi: vita vya Katzbach, kisha Möckern tarehe 16 Oktoba 1813, alipomng'oa Marshali Marmont wa Ufaransa kaskazini mwa Leipzig kwa kupoteza zaidi ya robo ya kikosi chake. Alipewa ukabaila 1814 na ufildimashali 1821, akafa 1830. Katika jina la heshima mfalme alimwita Yorck von Wartenburg, kwa kijiji alichokiteka akivuka Elbe tarehe 3 Oktoba 1813. Tauroggen hakuigusa.