Tija haikui kwa jasho peke yake

Wakenya huambiwa kila mara waongeze bidii ili uchumi ukue. Mimi ni mchumi, suala la tija ya kazi ndilo ninalolifuatilia hapa Nairobi, na ushauri huo naupinga. Pita Kamukunji mchana wowote. Mafundi wa jua kali wanagonga mabati tangu asubuhi: sufuria, majiko, masanduku ya wanafunzi wa bweni. Mwenye mashine ya kukandamiza bati atatoa sufuria nyingi kabla fundi wa nyundo hajamaliza moja, hata kama ustadi wake haufikii nusu ya huyo fundi.

Tija ni thamani anayozalisha mtu kwa saa ya kazi. Huongezeka pale kazi ileile inapopata zana, ujuzi na mpangilio bora, au watu wanapohama kutoka kazi yenye tija ndogo kwenda yenye tija kubwa. Mchumi Arthur Lewis aliuweka uhamaji huo katikati ya nadharia yake mwaka 1954. Wachumi Margaret McMillan na Dani Rodrik walipochunguza miaka ya 1990 hadi 2005, waliona uhamaji uliinua tija Asia lakini ukaishusha Afrika. Kwetu sababu inaonekana barabarani: kijana anaacha shamba Kakamega, anafika mjini, hapati kiwanda. Anachuuza, au anaendesha boda boda. Zaidi ya asilimia 80 ya wenye ajira Kenya wako kwenye sekta isiyo rasmi, na viwanda havifikishi hata asilimia 10 ya pato la taifa.

Kwa nini basi fundi hanunui mashine? Mashine inataka umeme usiokatika. Inataka pia mahali ambapo hatafukuzwa kesho, maana hakuna anayefunga mtambo mzito kwenye kibanda kinachoweza kubomolewa. Mkopo wa kulipwa kwa miezi michache haununui chombo kitakachojilipa kwa miaka. Na zaidi ya yote inataka oda kubwa. Bila oda, mashine italala.

Elimu ni muhimu, sibishi. Lakini kijana mwenye diploma akiishia kuuza kadi za simu, elimu hiyo haina pa kufanyia kazi. Ningekuwa na usemi kwenye bajeti, ningeanza na hati za viwanja vya karakana na zabuni za shule za umma, mafundi waruhusiwe kuziomba kwa vikundi.