Krismasi ya Mombasa: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Theluji ya Mombasa ni pamba. Kila Desemba maduka makubwa ya Nyali husimamisha miti ya plastiki milangoni, nauli ya kutoka Nairobi hupanda, watu wa bara hujaa ufukwe wa Pirates, na kwenye baraza za kahawa Mji wa Kale mabishano huanza upya: sikukuu hii ilitoka wapi, na kwa nini ipambwe barabarani mbele ya kila mtu? Wanaoitetea na wanaoibeza wote wana maneno yao, na mengi wameyaokota kwenye simu bila kuyapima.

"Tarehe 25 Desemba ilikuwa siku ya mungu jua. Wakristo waliiba."

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na nusu yake ni kweli. Injili hazitaji tarehe. Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa kwa Yesu bila kutaja siku wala mwezi. Sura ya Maryam katika Qur'ani inaeleza uchungu wa uzazi chini ya mtende na tende zilizoiva, nayo pia haitoi siku. Mnamo mwaka 200 hivi, Clement wa Aleksandria aliandika makisio ya watu wa zama zake. Moja liliangukia mwezi Mei, na hakuna hata moja lililosema 25 Desemba. Kwa hiyo anayesema tarehe hii haimo katika Biblia amesema kweli.

Tatizo ni hilo neno la wizi. Kaizari Aurelian alilijengea Jua Lisiloshindika hekalu mjini Roma mwaka 274, na watu huishia hapo wakidhani kesi imekwisha. Lakini hakuna andiko la wakati wake linalosema sikukuu yenyewe ilikuwa 25 Desemba. Ushahidi wa kwanza wa tarehe hiyo kwa upande wa jua uko katika kitabu cha kalenda ya Kirumi cha mwaka 354. Na ndani ya kitabu hichohicho kuna orodha ya Kanisa, iliyokusanywa mwaka 336, inayosema Kristo alizaliwa Bethlehemu siku hiyohiyo. Madai mawili, kitabu kimoja. Nani alimwiga nani? Wapo wataalamu wanaosema Kanisa liliifuata sikukuu ya jua. Wengine wanaona Wakristo waliifikia kwa hesabu yao wenyewe: waliamini mimba ya Yesu iliingia 25 Machi, siku waliyodhani pia ndiyo aliyokufa, wakaongeza miezi tisa. Kwangu mimi hoja ya hesabu ina uzito zaidi ya inavyopewa, ingawa sioni sababu ya mtu kuapa kwa upande wowote.

Wanaosema Krismasi ilitokana na Saturnalia ndio wamepotea zaidi. Sherehe hiyo ya Warumi ilianza 17 Desemba, na hata ilipoongezwa siku iliisha 23.

Kisha tusisahau kwamba 25 Desemba si tarehe ya Wakristo wote. Waarmenia husherehekea kuzaliwa tarehe 6 Januari. Waethiopia hufanya hivyo 7 Januari, kwa kuwa kalenda ya kanisa lao si hii yetu.

"Ni sikukuu ya Wazungu, tuliletewa na Waingereza."

Kanisa la Ethiopia limekuwepo tangu karne ya 4, enzi za mfalme Ezana wa Aksum. Hapa Mombasa kwenyewe, Krapf wa misheni ya Kianglikana alifika 1844, lakini zaidi ya miaka mia mbili kabla yake Wareno walishajenga Fort Jesus, na watawa wao wa Shirika la Mtakatifu Augustino walikuwa na nyumba hapa kisiwani. Si historia tamu. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamembatiza Dom Jerónimo, aliwageukia, akaiteka ngome, akarudi katika Uislamu. Waliokuwa Wakristo wakati huo, Wareno na Waafrika, wengi waliuawa. Anayetaka kusema Ukristo uliingia pwani hii na mizinga ana pa kushika. Anayesema uliingia na Waingereza, hana.

"Yeremia amekataza mti wa Krismasi."

Yeremia sura ya 10 inazungumzia mti unaokatwa msituni, ukachongwa na fundi na kupambwa kwa fedha na dhahabu. Hiyo ni sanamu ya kuabudiwa. Mti wa Krismasi tunaoujua ulianza katika nchi za Kijerumani karne ya 16, zaidi ya miaka elfu mbili baada ya nabii huyo. Mtu akitaka kuukataa, aukatae kwa hoja nyingine. Huku kwetu wengine hukata tawi la mvinje, ambao si msonobari hata kidogo, na hakuna aliyelalamika.

"Santa ni tangazo la soda."

Coca-Cola walimsambaza duniani kwa matangazo yao kuanzia miaka ya 1930, lakini mchoraji Thomas Nast alikuwa akimchora Marekani tangu miaka ya 1860. Nyuma ya Santa yuko Nikolao, askofu wa Myra, mji ulioko Uturuki ya leo.

"Asiyeitaka Krismasi ni adui wa Ukristo."

Bunge la Uingereza liliifuta mwaka 1647, chini ya Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali. Wenzao wa koloni la Massachusetts, Marekani, walitoza faini ya shilingi tano kwa atakayeisherehekea, kuanzia 1659 hadi 1681. Hao walikuwa Wakristo wakali. Waislamu wa hapa wataitambua hali hiyo, maana kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi ya Mtume, wapo Waislamu wanaosoma Maulidi na wapo Waislamu wanaosema ni bid'a, yaani uzushi katika dini.

"Mapambo ya dini hayaruhusiwi mahali pa umma, Katiba inakataza."

Hili limesafiri kutoka Marekani. Kule Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1984 kwamba mji wa Pawtucket ungeweza kuweka hori la Yesu mchanga pamoja na Santa na mapambo mengine. Mwaka 1989 ikakataa hori lililosimama peke yake ndani ya jengo la mahakama huko Pittsburgh. Ni sheria yao, na hata wao inawachanganya.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya taifa. Lakini kifungu cha 32 kinampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake, peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani. Ndiyo maana zafa ya Maulidi hupita barabarani na Njia ya Msalaba hupita barabarani. Idd-ul-Fitri ni sikukuu ya taifa kama ilivyo Krismasi. Mti ulioko mlangoni mwa duka ni wa mwenye duka, na Katiba haina neno nao.

Swali lenye maana ni la fedha za kaunti. Kifungu cha 27 kinaikataza serikali kubagua kwa misingi ya dini, kwa hiyo kaunti ikinunua taa za Desemba, wenye Idd na wenye Diwali wana haki ya kuuliza za kwao ziko wapi. Mahali pa kuuliza ni kwenye vikao vya umma vya bajeti, ambavyo hufanyika miezi mingi kabla taa hazijawashwa.