"Nikiwekwa presha ndio akili yangu huwaka." Huwaka wapi?

Wiki hii nimeiskia mara tatu, na ya tatu ndio imenifanya nikae niandike. Mama mmoja wa nafaka hapa Nakuru, mtu wa hesabu kali, huwezi kumpunja hata nusu gorogoro, amekaa kwa ofisi yangu simu inalia juu ya meza, ni ajenti wa ploti, inakatika inalia tena, mara nne kabla chai ipoe, na yeye ananiambia "daktari, mimi nikiwekwa presha ndio akili yangu huwaka." (Mimi si daktari, ni mshauri nasaha, nimechoka kurekebisha watu.) Alikuwa ameshalipa dipoziti ya ploti bila kufanya serchi, yaani kuangalia kwa ofisi ya ardhi hati iko kwa jina la nani.

Hiyo kuwaka sikatai, unaiskia kweli. Shida ni kile kinachoileta. Mtu akibanwa na muda akili hushika alama moja mbili, bei imeshuka, wenzako wanachukua, halafu zingine zote inaacha nje: barabara inapita wapi, hati iko kwa jina la nani, majirani wanasemaje. Sasa ukipima vitu viwili badala ya kumi si lazima uone mambo yako wazi? Huo wepesi ni vile vitu umeacha kuangalia.

Na msiniambie ati inategemea roho ya mtu. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, Darley na Batson, walichapisha utafiti wao wa wanafunzi wa theolojia kule Princeton, Marekani, na wengine kati yao walikuwa wanatumwa kwenda kuongea juu ya Msamaria Mwema, tena njiani kuna mtu amewekwa, amejikunja mlangoni anakohoa. Wale hawakuwa na haraka, 63% walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10%. Watu wa seminari, jamani! Na wengine waliompita hata hawakuona pale kuna mtu wa kusaidiwa.

Sasa wewe na ploti yako. Shamba la kilimo halihamishwi bila kibali cha bodi ya ardhi, na bodi ina siku zake za kukaa, haiwezi kukimbia juu ofa ya ajenti inaisha leo saa kumi na moja. Kwa hivyo hiyo haraka ni ya nani?

Kuna wa "mimi ni mzoefu, naamua chap chap." Sawa, mwanasaikolojia Gary Klein alichunguza wakuu wa wazima moto na kweli huamua haraka, lakini ni kwa sababu moto kama huo wameshauona mara nyingi. Wewe ploti umenunua ngapi?

Wengine hudhani kuskia haraka ni kukosa muda. Zii. Juzi nilikimbilia matatu pale steji, makanga anagonga bodi "moja moja twende", nikaruka ndani, kumbe ni ya Njoro na mimi naenda Kiamunyi, na miadi ilikuwa bado saa nzima.

Na sijasema ufikirie unga wa ugali siku mbili. Chukua uende.

Huyo mama nilimwambia kitu kimoja tu, amwombe ajenti aandike kwa meseji ofa inaisha saa ngapi na aweke jina lake kamili. Simu ikaacha kulia. Dipoziti bado tunaifuata.