Jina la chuo pekee halitoshi

Hapa Lubumbashi wazazi wengi huamini kwamba mtoto asipoingia chuo chenye jina kubwa, maisha yake yameharibika. Si kweli. Mwaka 2002, watafiti Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti wa Marekani: wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya kifahari lakini wakasoma vya kawaida walipata mishahara karibu sawa na wenzao waliosoma vile vya kifahari. Uwezo na bidii walikuwa navyo tayari. Ila watoto wa familia maskini walifaidika kweli na chuo kikubwa, na hilo tusilifiche.

Basi mama, kabla ya kuuza kiwanja ulipe minervali, yaani karo ya chuo, nenda ukaone maabara: mwanao atashika hadubini kwa mkono wake, au atasimama dirishani akinakili daftari la mwenzake?