Ajensi mlezi: asilimia 90 ya nini?

Dada mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, anayeuza vitenge na sasa anataka kuuza na tiketi za ndege, alinitumia tangazo kwa WhatsApp. Lilisema: fanya kazi ya safari ukiwa nyumbani, chini ya ajensi yetu, ubaki na asilimia 90 ya kamisheni. Chini yake akaandika: "Yaya, ni kweli ao wanatudanganya?"

Nikamuuliza: asilimia 90 ya nini? Akanyamaza. Si kosa lake, tangazo lenyewe halikusema.

Kinachotangazwa pale ni kile Wamarekani wanachokiita host agency. Mimi nakiita ajensi mlezi. Ni ajensi yenye vibali, mikataba na mashine za kutolea tiketi, inayomruhusu mtu anayejitegemea, mwenye simu, kompyuta na wateja wake, auze kwa kutumia nambari ya ajensi. Wewe si mfanyakazi wa ajensi hiyo. Haikulipi mshahara wala haikupangii saa ya kuamka. Wateja unawatafuta mwenyewe, bei unazungumza mwenyewe, ila tiketi inatoka kwa mlezi, kamisheni inapita mikononi mwake kwanza, anakata yake, na inayobaki ndiyo inakufikia.

Kwa nini upite kwa mtu? Chukua tiketi yoyote uitazame. Nambari yake ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinataja kampuni ya ndege: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Nambari kama hiyo haitoki kwa kila mwenye biro, yaani ofisi, na kiti. Ajensi hutakiwa kukubaliwa na IATA, shirika la makampuni ya ndege lililoundwa Havana mwaka 1945, na kukubaliwa huko kunaendana na kukaguliwa hesabu, mara nyingi pamoja na dhamana ya benki. Wana sababu. Ajensi inauza leo, lakini fedha za makampuni yote zinakusanywa pamoja na kulipwa siku iliyopangwa, kupitia mfumo uitwao BSP. Kati ya siku ya kuuza na siku ya kulipa, ajensi imekalia fedha za watu. Ikishindwa kulipa, inafungiwa kutoa tiketi. Mtu anayeuza tiketi sita kwa mwezi akiwa kwenye barza yake Kalubwe hawezi kuubeba mzigo huo, kwa hiyo anabebwa.

Mpango huu ulinenepa Marekani, na kilichounenepesha ni njaa. Mawakala wa huko walikuwa wakiishi kwa kamisheni ya ndege. Februari 1995 kampuni ya ndege ya Delta ikaweka kikomo: dola 50 kwa tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi, hata iwe ghali namna gani. Wengine wakafuata. Machi 2002 Delta ikaifuta kabisa kamisheni ya kawaida kwa mawakala wa huko, na wengine wakafuata tena. Kodi ya duka haikushuka. Wengi wakafunga milango, wakahamishia kazi kwenye meza ya kulia chakula, wakajikusanya chini ya wenye vibali. Na macho wakayaondoa kwenye ndege, wakaelekea meli za utalii na hoteli, ambako kamisheni ilibaki.

Kwa hiyo mtu wa Florida anayeuza safari ya meli, asilimia 90 ni chakula. Sisi Lubumbashi tunauza nini? Watu wanapandia Luano, uwanja wetu wa ndege, kwenda Addis Ababa, Nairobi, Johannesburg, na wengi hawaishii hapo, wanaendelea Dubai au Guangzhou kufuata mali. Sijawahi kupata mteja wa meli ya Karibi. Tiketi hizi zetu zinaweza kuja bila kamisheni yoyote, na asilimia 90 ya sifuri ni sifuri. Kinachokulisha ni ada yako ya huduma, zile dola unazomwambia mteja waziwazi kwamba ni za kazi yako. Basi swali la kwanza kwa mlezi ni moja: ada yangu utaigusa?

Piga hesabu ndogo, ya mfano tu. Unauza tiketi sita kwa mwezi, kila moja ada dola 30, jumla 180. Mlezi wa kwanza anakuachia asilimia 90 ya kamisheni, ila anachukua nusu ya ada na dola 40 za kila mwezi. Unabaki na 50. Mlezi wa pili anakuachia asilimia 60 tu, tangazo lake halina mvuto, lakini ada haigusi. Anakata dola 8 kwa kila tiketi, basi. Unabaki na 132. Hoteli ni jambo jingine: huko kamisheni mara nyingi ni asilimia 10, ila inalipwa baada ya mgeni kulala na kuondoka, na wewe utaisubiri mpaka ipite kwa mlezi.

Lakini mimi asilimia haikuniumiza. Kilichoniumiza ni jina.

Pasipoti ya Kikongo ina majina matatu: nom (la ukoo), postnom (linalofuata la ukoo) na prénom (la mtu mwenyewe). Mashine ya tiketi inataka mawili: la ukoo na la mtu. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa anaenda Guangzhou Jumatatu mchana. Nilimwingiza kwa haraka, postnom nikaiweka mahali pa prénom, na prénom yenyewe nikaiacha nje. Jumamosi usiku, umeme umerudi, nachapisha karatasi, ndipo naona. Nikapiga simu kampuni ya ndege. Wakanijibu kwa upole kabisa: tiketi imetolewa na ajensi, arekebishe aliyeitoa. Aliyeitoa si mimi. Mimi nilikuwa nimeandika tu. Nambari ya ajensi iliyo juu ya tiketi ilikuwa ya mlezi wangu wa wakati huo, ambaye biro yake iko Kinshasa na simu yake Jumapili haiiti kabisa.

Na Kinshasa, kama mnavyojua, iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu wa Luano anaweza kuwa kwenye foleni na wa Kinshasa bado yuko kwenye foleni ya magari. Walipofungua, wakaniambia niandike ombi, litapitiwa kwa zamu. Mama yule alikuwa uwanjani na mabegi yake, Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, ameshailipia, kadi ya homa ya manjano mkononi, ananitumia sauti za WhatsApp ambazo mwanzo zilikuwa za kuuliza, mwisho zikawa za kuomba Mungu. Jina lilirekebishwa dakika ishirini baada ya kaunta kufungwa. Faini ya kubadili tarehe niliilipa mimi, maana kosa lilikuwa langu. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu, ila tiketi anakata kwingine.

Tangu siku hiyo, nikisoma mkataba wa mlezi naanza na mistari inayohusu makosa. Nani anapokea simu nje ya saa za kazi? Tiketi ikikosewa leo, inaweza kufutwa leo hii hii bila hasara kabla siku haijaisha, na nani mwenye ruhusa ya kuifuta? Halafu kuna ADM, deni linalokuja kama mgeni wa usiku: kampuni ya ndege inakagua tiketi za zamani, inaona nauli ilipigwa vibaya, inaidai ajensi miezi baadaye. Ajensi inaweza kukugeuzia wewe. Mkataba useme nani analipa kosa la nani, kwa sababu mara nyingine aliyekosea ni mfanyakazi wake.

Kuna pia fedha ya kuweka mbele. Mlezi anaweza kukutaka uache dola kadhaa kwake, tiketi zikatwe humo mpaka ziishe. Si dhambi, ila ujue kwamba hapo wewe ndiye unayemkopesha. Weka kidogo, ongeza mara kwa mara. Na uulize: nikiondoka, salio linarudi baada ya siku ngapi, na wateja niliowaleta ni wa nani? Niliwahi kuona mkataba uliokataza kumuuzia mteja wako mwenyewe kwa mwaka mzima baada ya kuachana. Mteja mwenyewe alikuwa shemeji wa mwenye kusaini.

Mlezi anayekuomba ulete watu kuliko kukuomba ulete wasafiri, kimbia. Mwaka 2008 Mwanasheria Mkuu wa California aliishtaki kampuni moja ya namna hiyo, akidai ilikuwa piramidi: fedha ilitoka kwa wanaojiunga, si kwa safari. Hilo nilimwandikia dada wa Kampemba kwa herufi kubwa, kwa kuwa tangazo lake lilikuwa na dola za kujiunga na zawadi ya kuleta rafiki.

Karatasi zako za hapa, RCCM (usajili wa biashara) na nambari ya kodi, mlezi hakufanyii. Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na kuna hali ya mfanyabiashara mdogo ambayo ni nyepesi kuliko kuunda kampuni. Nenda guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara, uulize.

Mlezi niliye naye sasa nilimpata kwa njia ya kijinga kidogo. Mkataba ulikuwa mezani, sijasaini. Jumapili jioni nikapiga simu yao ya dharura, nikasema nina jina lililokosewa. Ikaita mara nne. Akapokea mama mmoja, nyuma yake mtoto analia na sufuria inagongwa. Akasema, "Subiri papa, niwashe mashine, nipe herufi sita za booking." Nikaona haya, nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa najaribu. Akacheka, akakata. Kesho yake nikasaini.