Je, wajua? Mchujo wa chama huharibika miezi mingi kabla ya siku ya kura

Siku ya mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kuteua wagombea wake, macho yote huwa kwenye masanduku: nani kachelewesha karatasi, nani kaonekana na bahasha, kituo gani kimefungwa mapema. Vituko hivyo vipo. Lakini chama kinachovurugika Faza kule Lamu, au Malindi mjini, mwezi wa Aprili, mara nyingi kilivurugika mwaka mmoja nyuma, siku daftari la wanachama lilipojazwa ovyo.

Kifungu cha 91 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 nayo inataka, kabla ya usajili kamili, wanachama wasiopungua 1,000 walio wapiga kura katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Yaani kaunti 24, watu 24,000. Chama kikishapata usajili wa muda kina siku 180 tu za kuomba ule kamili. Siku hazitoshi, watu hawapatikani, majina yananakiliwa kutoka orodha nyingine. Mwaka wa 2021 Wakenya walipoweza kujiangalia kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wengi walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo.

Hilo si jambo la kucheka. Sheria hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili, na anayepiga kura ya mchujo ni yule ambaye jina lake limo. Mzee aliyekitumikia chama miaka kumi anafika kituoni anaambiwa hayumo, kisa mtu alimwandikisha kwingine. Dawa yake huanza mapema: ajiangalie eCitizen, aandike barua ya kujiuzulu kwa chama asichokijua, na ahakikishe Msajili wa Vyama vya Siasa ameipata habari hiyo ndani ya siku saba, kisha ajiandikishe upya anakotaka.

Tawi lenye nia njema hulichapisha daftari wadi kwa wadi na kulibandika mahali watu wanapopita, kisha likatangaza siku ya mwisho ya pingamizi. Lamu ina wadi kumi: Faza, Kiunga na Basuba katika eneo bunge la Lamu Mashariki; Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari katika Lamu Magharibi. Jina la eneo bunge nalo liandikwe, maana Malindi pia ina wadi ya Shella, na karani wa Nairobi hana habari kwamba ni Shella mbili. Tawi lisilokuwa na nakala ya daftari lake mwenyewe halina la kutetea siku ya mchujo.

Marekebisho ya sheria ya 2022 yanakiachia chama kuchagua: wanachama wote wapige kura, au wajumbe wawapigie. Wajumbe ni rahisi kusafirisha, na kwa visiwa hilo si dogo. Ubaya wake ni hesabu. Wadi yenye wajumbe 20, mwenye pesa anahitaji 11. Wadi hiyohiyo wakipiga kura wanachama 800, anahitaji 401, na hapo bahasha zinaanza kumshinda. Kwa hiyo swali la kuuliza kwanza ni wajumbe hao walichaguliwa na nani. Kama uchaguzi wa matawi haujafanyika na viongozi wa muda wamekaa miaka, basi wajumbe ni wa mwenyekiti, na mchujo ni mkutano wake. Omba kuona kumbukumbu za kikao: tarehe ya ilani, waliohudhuria, kura za kila mmoja. Zisipokuwepo, uchaguzi haukuwepo.

Halafu kuna bahari. Mwaka wa 2022 mchujo ulifanyika Aprili, wakati masika yanaingia na kusi linaanza kuvuma. Mkanda, njia ya kutoka Lamu kwenda Faza na Kizingitini, yataka maji yaliyojaa. Yakipwa mashua hukwama. Anayepanga kutuma vifaa alfajiri bila kutazama bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku za maji madogo) anapanga kituo kufunguliwa adhuhuri. Vifaa vilale Faza usiku uliotangulia, vikilindwa na mawakala wa wagombea wote. Kura zihesabiwe palepale kituoni, fomu itiwe sahihi na mawakala, nakala moja ibandikwe mlangoni na kila wakala aipige picha kwa simu kabla sanduku halijapanda mashua. Fomu inayosafiri saa kadhaa ikiwa peke yake ndiyo hubadilika tarakimu njiani.

Rufaa ndiyo sehemu vyama vingi huitia kapuni. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa hutaka kuona kwanza kwamba mlalamishi alijaribu kupata suluhu ndani ya chama. Kamati ya rufaa isipokuwepo, au wakiwa ni walewale waliosimamia kura, mtu huzungushwa mpaka muda unayoyoma. Kamati iundwe na kutangazwa kabla ya mchujo, watu wasiogombea wala kusimamia, na itoe uamuzi kwa maandishi wenye tarehe, maana hati hiyo ndiyo anayokwenda nayo mbele ya Jopo.

Tarehe hizo zina uzito wake. Kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Aliyeshindwa Aprili na bado anangoja uamuzi wa kamati mwishoni mwa Mei, hata akipewa jibu la kumridhisha au la kumkera, mlango wa kugombea binafsi umeshafungwa, maana miezi hiyo mitatu ilianza kuhesabiwa Mei 10 naye bado yumo chamani.